Vifaa vya Kichwani vya Marubani wa Roboti Kubwa katika Anime: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu kifaa ambacho watazamaji wengi wa anime, yaani katuni za Kijapani, hukipita bila kukitupia jicho la pili: kile anachovaa rubani kichwani ili roboti refu kuliko nyumba ya ghorofa litembee kwa kufikiria tu. Mfano mkuu utakaotumika ni Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa sehemu 26 ulioongozwa na Hideaki Anno katika studio ya Gainax na kurushwa nchini Japani kuanzia Oktoba 1995 hadi Machi 1996, kwa kuwa kwa maoni yangu hakuna kazi nyingine iliyokichukulia kifaa hiki kwa uzito kama huo. Asiyeutazama mfululizo huo atahadhari, kwani majibu yanafichua mambo makubwa ya hadithi.

Kifaa chenyewe kikoje, na kinafanya kazi gani?

Wengi wanapoambiwa habari za kuunganisha akili na mashine huwaza kofia kubwa la chuma lenye nyaya zinazoning'inia. Katika Evangelion hakuna kofia. Kuna vibanio viwili vidogo vinavyokaa juu ya nywele, kimoja kila upande wa kichwa, vyeupe kwa marubani Shinji Ikari na Rei Ayanami, vyekundu kwa mwenzao Asuka Langley Soryu. Rubani huvaa pia suti inayombana mwili mzima, kisha huketi ndani ya chumba chenye umbo la mcheduara kinachochomekwa nyuma ya shingo ya Eva, yaani lile jitu analoliendesha, na chumba hicho hujazwa kimiminika cha rangi ya kaharabu kiitwacho LCL, ambacho rubani hukivuta mapafuni na kupumua ndani yake.

Kazi ya vibanio ni kuunganisha mishipa ya fahamu ya rubani na ile ya Eva. Nasema mishipa ya Eva kwa makusudi, maana Eva si roboti kwa maana kamili ya neno. Chini ya yale magamba ya chuma kuna mwili ulio hai, na magamba yenyewe yamewekwa zaidi kuufunga mwili huo kuliko kuukinga. Hili likieleweka, mengine yote yatafuata, kwa sababu kinachounganishwa si mtu na chombo bali ni kiumbe na kiumbe, na njia inayopeleka amri ndiyo hiyo hiyo inayoleta majibu. Vibanio ni mlango, na mlango hauchagui kutoka tu.

Kabla ya hapo marubani wa anime waliendesha roboti kwa njia gani?

Kwa mikono na miguu, kama dereva wa lori. Katika Mazinger Z, kazi ya Go Nagai iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwezi Desemba 1972, kijana Koji Kabuto huruka na chombo kidogo kiitwacho Pilder, kikatua juu ya kichwa cha roboti na kukaa pale. Kwa hiyo tangu mwanzo kichwa ndipo mahali pa rubani, ila hapo mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa ubongo wa mashine, na mashine iliendeshwa kwa vishikio na pedali. Roboti likivunjwa mkono, Koji hukasirika, lakini mkono wake uko salama.

Mobile Suit Gundam ya mwaka 1979 ndiyo iliyoleta mfumo wa Psycommu, unaosoma mawimbi ya ubongo wa watu wenye kipaji maalumu waitwao Newtype. Sababu yake ndani ya hadithi imefikiriwa vizuri: katika vita hivyo chembe za Minovsky zimetapakaa angani na kuvuruga rada na mawasiliano ya redio, hivyo silaha haiwezi kuongozwa kutoka mbali kwa njia ya kawaida. Lalah Sune, akiwa ndani ya chombo chake Elmeth, huzituma silaha ndogo zinazoruka na kuzielekeza kwa fikra. Kufikia filamu ya Gundam iitwayo Char's Counterattack, ya mwaka 1988, teknolojia hiyo ilikuwa imehamishiwa kwenye fremu ya chuma inayokizunguka chumba cha rubani, yaani kifaa kikawa kiti na kuta.

Je, «neva ya A10», inayotajwa katika Evangelion kuwa njia ya kumuunganisha rubani na Eva, ni kitu cha kweli?

Ndiyo, na hapa waandishi walichagua kwa makini. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Sweden, Dahlström na Fuxe, waliyapa majina ya herufi na namba makundi ya seli za ubongo kulingana na kemikali zinazozalisha. Kundi la A10 liko katika ubongo wa kati na huzalisha dopamini, kemikali inayohusika na hamu, thawabu na mvuto wa mtu kuelekea kile anachokitaka.

Mhandisi anayetaka kusogeza mkono wa mashine angetafuta sehemu ya ubongo inayosimamia misuli, iliyo karibu na utosi. Evangelion haikufanya hivyo. Iliuchukua mshipa wa kutamani na kupenda, ikaufanya ndio waya wa kuendeshea. Baadaye hadithi inapofichua kwamba ndani ya Eva mna nafsi ya mama wa rubani, jambo linalowahusu Shinji na Asuka waziwazi, mtazamaji anaelewa kwa nini mashine zile huwaitikia watoto wenye umri wa miaka 14 waliofiwa na mama zao, na haziwaitikii askari wenye mafunzo. Kisayansi, kibanio kilichokaa juu ya nywele hakiwezi kufikia seli zilizo ndani kiasi hicho. Kihadithi, sidhani kama kulikuwa na chaguo bora zaidi.

Kwa nini rubani huumia wakati anayepigwa ni Eva?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na mara nyingi kwa sauti ya lawama: wahandisi wenye akili kiasi hicho wameshindwaje kuyachuja maumivu? Jibu linahitaji nafasi.

Tuanze na vita vya kwanza vya Shinji. Amewekwa ndani ya Eva bila mafunzo yoyote, na maelekezo anayopewa ni kwamba kwa sasa afikirie kutembea tu. Analitamka neno hilo kwa sauti ndogo, huku uso wake ukionyesha mtu anayejaribu kukumbuka kitu alichokuwa akikijua bila kukifikiria. Eva inainua mguu na kuushusha, na wafanyakazi kule makao makuu wanashangilia kwamba imetembea. Hatua ya pili inakwenda mrama na jitu zima linaanguka kifudifudi barabarani. Muda si muda adui analishika mkono na kuuvuta, na kule ndani Shinji anaushika mkono wake mwenyewe, amekaza meno. Misato, afisa anayeongoza vita, anampigia kelele atulie kwa kuwa ule si mkono wake. Anasema kweli, na ukweli huo haumsaidii Shinji hata kidogo, kwa kuwa mkono unavunjika na yeye anausikia ukivunjika.

Sasa tulete jaribio halisi. Mwaka 1998 Botvinick na Cohen walichapisha jaribio ambalo hata wewe unaweza kulifanya nyumbani. Mtu anauweka mkono wake nyuma ya kizuizi asiuone, na mbele yake unawekwa mkono wa mpira. Mwenzake anaipapasa mikono yote miwili kwa brashi, kwa wakati mmoja na mahali pale pale. Baada ya muda mfupi wengi huanza kuhisi kwamba mguso unatoka kwenye ule wa mpira. Ubongo haukupewa amri yoyote. Ulichohitaji ni macho na ngozi vikubaliane. Ikiwa mpira na brashi vinatosha, mtu aliyeunganishwa mishipa yake yote na mwili mwingine anawezaje kuambiwa kwamba mkono ule si wake?

Sababu ya pili ni ya kiutendaji, na ndiyo inayonishawishi zaidi kwamba maumivu si uzembe wa wabunifu wa kubuniwa. Kijana mmoja aliyepooza, aliyewekewa elektrodi (vipitishio vidogo vya umeme) ubongoni na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliendesha mkono wa roboti kwa fikra. Awali alitegemea macho peke yake. Watafiti walipoongeza njia ya kurudisha hisia za mguso kutoka kwenye vidole vya roboti hadi ubongoni, muda aliouhitaji kushika na kuhamisha vitu ulipungua kwa takriban nusu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021. Jaribu mwenyewe kufunga kamba za viatu siku ambayo vidole vimekufa ganzi kwa baridi, utaona kwamba mkono usiohisi ni mkono mzembe hata kama misuli yake ni mizima. Mashine isiyorudisha hisia ingekuwa nzito kuendesha, na katika Evangelion uzito huo ungekuwa kifo. Wahandisi wa hadithi wanaweza kupunguza au kukata muungano hatari ikizidi, na mara kadhaa hujaribu, lakini wakikata njia ya maumivu wanakata na njia ya kuendeshea.

Asilimia zinazotajwa kila mara zinapima nini?

Zinapima kiwango cha ulinganifu kati ya rubani na Eva, yaani jinsi mishipa ya wawili hao inavyofanya kazi kama mwili mmoja. Shinji alianza na asilimia 41.3 siku ya kwanza, jambo lililowashangaza wote waliokuwepo, kwani Rei alihitaji miezi 7 hata kuweza kuunganishwa na Eva yake.

Jambo ambalo watazamaji hulikosa ni kwamba kiwango kikubwa si ushindi mtupu. Kikipanda, Eva inaitika haraka na rubani anaumia zaidi. Katika sehemu ya 19 kiwango cha Shinji kinafika asilimia 400, na matokeo yake ni kwamba mwili wake unayeyuka ndani ya LCL, suti ikabaki ikielea tupu. Kumrudisha kunawachukua wanasayansi takriban mwezi mzima. Upande wa pili yuko Asuka, ambaye kiwango chake kinashuka kadiri moyo wake unavyovunjika, hadi Eva yake inakataa kusogea kabisa. Kipimo kile kinasomwa kwenye skrini kama joto la injini, ilhali kinachopimwa ni mtoto.

Kwa nini Asuka alimwambia Shinji afikiri kwa Kijerumani?

Tukio hilo limo katika sehemu ya 8. Asuka, aliyelelewa Ujerumani, anamwingiza Shinji katika Eva yake wakiwa baharini. Mfumo unagoma kuwaka na kuonyesha hitilafu, kwa sababu umewekwa upokee fikra za Kijerumani na Shinji anafikiri kwa Kijapani. Anapoamriwa afikiri kwa Kijerumani, neno pekee analolipata ni jina la keki. Asuka anakata tamaa na kuubadilisha mfumo uwe wa Kijapani.

Wengine hulichukulia tukio hili kama kichekesho cha kupita. Mimi naliona kuwa swali zito, hasa kwetu tunaohesabu pesa kwa lugha moja, tukasoma darasani kwa nyingine na kusali kwa ya tatu. Je, kuinua mkono kunahitaji lugha? Amri ya ubongo kwa misuli haina maneno. Unapodaka kikombe kinachodondoka mezani husemi lolote moyoni. Kwa hiyo mfumo unaodai lugha unasoma tabaka la juu zaidi, la nia iliyokwisha kutamkwa ndani kwa ndani. Hadithi yenyewe inalithibitisha hilo dakika chache baadaye: ili kulifungua domo la adui, wote wawili wanakaza fikra kwenye wazo moja la kufunguka, na kiwango cha ulinganifu kinapanda. Anayefikiri kwa Kiswahili angeuwekea mfumo wake Kiswahili, na ningependa sana kujua ungefanya nini siku rubani atakapochanganya lugha katikati ya sentensi kama tufanyavyo sote.

Ni anime gani nyingine zilizolishughulikia wazo hili vizuri?

Macross Plus ya mwaka 1994 na 1995 ina ndege YF-21, inayobadilika umbo kuwa roboti, ambayo rubani wake Guld Bowman huiendesha kwa ubongo. Ubaya wake ni kwamba ndege haitofautishi amri na hasira. Fikra zikivurugika, nayo huvurugika. Darling in the FranXX ya mwaka 2018 inawaweka marubani wawili, msichana anayeunganishwa na mashine na mvulana anayemwelekeza, hivyo tatizo linakuwa la watu wawili kuaminiana kabla ya kuwa la mashine.

Iliyonigusa zaidi baada ya Evangelion ni Mobile Suit Gundam: Iron-Blooded Orphans, iliyoanza mwaka 2015. Hapo kifaa hakivaliwi, kinapandikizwa kwenye uti wa mgongo, na wanaopandikizwa ni watoto, kwa kuwa miili inayokua ndiyo inayoweza kukipokea. Wapo wanaokufa au kulemaa katika upasuaji huo. Mfumo unaitwa Alaya-Vijnana, jina lililochukuliwa kutoka falsafa ya Kibudha, ambako humaanisha ghala la fahamu lililo chini ya fahamu nyingine zote. Mikazuki Augus aliufanyiwa mara tatu. Anapouvuka mpaka wa usalama ili ashinde vita, jicho lake la kulia na mkono wake wa kulia vinaacha kufanya kazi, navyo vinaamka tu pale anapounganishwa tena na roboti. Kibanio cha Shinji hutoka kichwani vita vikiisha. Cha Mikazuki hakitoki.

Sayansi ya kweli imefika wapi?

Hans Berger wa Ujerumani alirekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, kwa elektrodi za nje ya ubongo. Tatizo la vifaa vya juu ya kichwa ni lile lile hadi leo: fuvu na ngozi hudhoofisha mawimbi hayo, yakafika nje yakiwa makumi tu ya sehemu za milioni za volti, na kinachosikika ni mchanganyiko wa seli nyingi mno kwa pamoja, mfano wa mtu aliyesimama nje ya uwanja wa mpira. Anajua goli limefungwa, lakini hawezi kujua shabiki wa safu ya kumi amesema nini.

Jaribio lililoikaribia anime kuliko mengine lilitangazwa Japani kwenyewe, Machi 2009, na kampuni ya Honda ikishirikiana na taasisi ya ATR na kampuni ya Shimadzu. Mtu aliketi kitini bila kujitikisa, amevaa kofia inayopima umeme wa ubongo pamoja na mtiririko wa damu, akawaza mojawapo ya mambo manne: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kukimbia, au ulimi. Mtambo ulilitambua wazo lake kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90, na roboti ASIMO akainua mkono uliokusudiwa. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini maneno manne hayatoshi kupigana vita, na mtiririko wa damu ubongoni hubadilika kwa sekunde, si kwa kufumba na kufumbua.

Wanaotaka zaidi hulazimika kufungua fuvu. Katika utafiti wa BrainGate uliochapishwa mwaka 2012, mwanamke aliyekuwa amepooza kwa takriban miaka 15 aliuongoza mkono wa roboti kwa fikra, akaishika chupa ya kahawa, akaileta mdomoni na kunywa kwa mrija. Kifaa kilichokuwa ubongoni mwake kilikuwa na elektrodi 96 katika eneo dogo kuliko ukucha.

Tuseme kifaa kimepatikana. Roboti la mita 18 lingeweza kutembea kwa fikra?

Ugumu ungekuwa kwenye usawa wa mwili. Kitu kirefu huanguka polepole kuliko kifupi, na muda huo hukua kwa kipeuo cha pili cha urefu. Jitu lenye urefu wa mara 10 ya mtu lingechukua mara 3 hivi ya muda anaouchukua mtu kuanguka. Rubani angehisi anayumba, ubongo wake ungerekebisha kwa kasi ulioizoea tangu utotoni, na marekebisho hayo yangewahi mno. Ndiyo maana ile hatua ya pili ya Shinji, iliyomwangusha kifudifudi, naihesabu kuwa miongoni mwa matukio ya kweli kabisa katika mfululizo mzima. Sanamu ya Gundam yenye mita 18 iliyoonyeshwa Yokohama, Japani, kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024 ilikunja magoti na kunyoosha vidole, lakini muda wote ilikuwa imeshikiliwa kiunoni na mhimili.

Nimesuka nywele. Vibanio vya namna hiyo vingenifaa?

Swali hili si dogo hata kidogo. Elektrodi zinazotumika hospitalini lazima ziguse ngozi ya kichwa, na zilibuniwa bila kuzifikiria nywele zetu. Juu ya nywele nzito za kipilipili hunyanyuka, na kipimo huharibika. Watu wamewahi kutakiwa kufumua misuko, au kuachwa nje ya utafiti kabisa.

Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, mwanafunzi mmoja mwenye nywele za aina hiyo aliona jibu limo katika msuko wenyewe. Nywele zinasukwa mistari iliyonyooka, kama twende kilioni, ili njia za ngozi zilizo kati ya mistari zipite pale pale elektrodi zinapotakiwa kukaa. Kisha kibanio kidogo cha plastiki kinaingizwa chini ya misuko miwili ya jirani, na misuko hiyo yenyewe inakikandamiza kwenye ngozi kisisogee. Vipimo vilivyofanywa kwa njia hiyo vilitoka bora kuliko vya elektrodi za kawaida. Asuka huvaa vibanio vyake vyekundu hata shuleni, kama pambo la nywele, na asiyejua hudhani ni urembo tu; mwenye twende kilioni na vibanio vile vya Carnegie Mellon angepita mtaani vivyo hivyo.